Muhuri wa Mama Tochi (7): Jipya na Lililotumika

Saini ilikuwa yake. Muhuri ulikuwa wake. Gari hakuwahi kuliona.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Tochi wiki iliyopita, amesimama uani kwa mwalimu mstaafu, miwani imemteremkia puani, karatasi mkononi. Na wewe unayetupata leo kwa mara ya kwanza, karibu, hujachelewa. Mwanamke huyu ana miaka hamsini na sita, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza chini ya magari ya watu, akiwaambia wanunuzi lipi wachukue na lipi waliache. Jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho tu. Mjini anajulikana kwa ile tochi yake.

Pale uani aliletwa Jumamosi asubuhi na mkunga mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye kazi yake ni kuwazalisha akina mama wa pembezoni mwa mji, kule lami inakoishia. Mkunga alikuwa anatafuta gari dogo lililoinuka. Hakutaka jipu la kunywa mafuta kama ng'ombe, wala gari la chini la kukwaruza tumbo kila shimo. Chaguo lake lilikuwa kati ya mawili ya aina moja: jipya lililokuwa dukani kwa muuzaji anayeitwa Bwana Tai, na hili la mwalimu, la miaka mitano.

Mwalimu aliposikia kwamba gari lake linataka kukaguliwa, alicheka kwa upole, akaingia ndani na kurudi na karatasi. Akasema hakuna haja ya mama wa watu kuchafua nguo. Gari lilikaguliwa miezi minane iliyopita, siku aliyolinunua, na mkaguzi bora kuliko wote mjini. Hakujua kwamba mkaguzi mwenyewe ndiye aliyesimama mbele yake. Wala Mkunga hakulitaja jina. Alikuwa ameinama anapiga matairi teke, kama wafanyavyo watu wote wasiojua magari.

Mama Tochi akasoma mara ya pili. "Gari halijapata ajali. Bodi yote ni ya kiwandani. Linafaa." Chini yake, saini yenye mkia mrefu.

Miezi minane iliyopita alikuwa kitandani. Alipasuliwa goti, na kwa wiki kumi na moja hakuvuka lango la nyumba yake.

Wewe ungefanyaje, msomaji? Yeye hakufanya lolote. Alikunja karatasi, akamrudishia mwenyewe, akasema angependa kulitazama hivyo hivyo, kwa kuwa ameshafika. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

Akaanza na rangi. Ana kidude cha kupimia unene wa rangi kinachotoshea kiganjani. Boneti, sawa. Milango ya mbele, sawa. Milango ya nyuma, nene kidogo. Alipofika ubavuni, karibu na tundu la mafuta, namba ikaruka, ikawa mara nne ya zile za mbele. Chini ya rangi kulikuwa na puti, na puti haipakwi pasipo na jeraha.

Akavitazama vioo. Kila kioo cha gari kina maandishi madogo pembeni yanayoonyesha kilitengenezwa lini. Vya mbele vilisema mwaka mmoja. Vya nyuma vilitangulia kutengenezwa kwa miaka miwili. Akavuta mikanda ya viti, akasoma lebo zake: ya mbele na ya nyuma nayo ilipishana vilevile.

Wakati huo Mkunga alikuwa ameshakaa kwenye usukani, amesogeza kiti, amerekebisha kioo, ameanza kulipenda. Kupenda gari ni ugonjwa, na Mama Tochi anaijua homa yake ikianza. Mkunga akamwita mke wa mwalimu aje aone jinsi viti vya nyuma vinavyolala. Akasema mama mwenye uchungu anaweza kunyooka humu mpaka hospitali bila kukunja miguu. Mke wa mwalimu akacheka, akasema wajukuu zake watatu hulala humo kila Jumatano wakitoka kuogelea.

Wajukuu watatu. Mama Tochi alisikia, akaendelea.

Akaomba viti viinuliwe. Akapiga magoti, na lile goti likamjibu kwa moto uliopanda hadi kiunoni. Akafunua zulia la sakafu, akawasha tochi mchana kweupe, akapitisha kidole.

Kulikuwa na mshono. Mshono wa kulehemu, uliokatiza sakafu ya gari kutoka ubavu hadi ubavu, ukapakwa lami nyeusi ili ufanane na wa kiwandani.

Gari lilikuwa mawili. Mbele ya moja, nyuma ya jingine, yameshonwa katikati kama suruali iliyopasuka.

Alibaki pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kulikuwa na kivuli, na hakuna aliyemwuliza kitu. Aliwahi kupata magari yaliyozama, yaliyoungua, na moja lililokuwa na matundu mawili ya risasi yaliyozibwa kwa stika ya maua. Hakuna lililomchosha kama hili. Angeweza kunyanyuka na kusema gari lina mambo madogo madogo, tafuteni jingine, kisha akaenda zake. Mkunga angeokoka. Karatasi ingebaki ndani ya droo ya mwalimu, na wajukuu wangeendelea kulala nyuma kila Jumatano.

Akanyanyuka kwa kushika mlango.

Akawaambia. Hakupamba. Aliwaonyesha mshono, akawasomea vioo, akaeleza kwamba gari la namna hii likigongwa kwa nyuma linaweza kufunguka pale liliposhonwa. Akamwambia mwalimu asiliuze, asiliendeshe, na leo hii hii aziondoe funguo mahali watoto wanapofika.

Mke wa mwalimu akakaa kwenye ngazi ya baraza. Mwalimu hakukaa. Alikunjua karatasi yake, akaitazama, akamtazama mgeni, akaitazama tena tochi. Miaka thelathini na nane ya kusimama mbele ya darasa humfundisha mtu kujua nani kafanya nini kabla hajasema.

"Wewe ndiye Mama Tochi," alisema.

"Ndiye mimi."

"Basi nisaidie kuelewa. Hii saini ni yako au si yako?"

Hapo ndipo jibu lilipokuwa rahisi. Si yangu, nilikuwa mgonjwa. Maneno manne, na yote ya kweli. Lakini Mama Tochi alishaujua ule mkia wa saini. Ulizidi kidogo kupinda, kama mkia wa panya. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyejifunza kuiandika saini yake tangu akiwa darasa la sita, alipokuwa akisaini ripoti zake za shule ili dada asizione. Mdogo wake. Aliyelelewa mgongoni mwake baada ya wazazi wao kufariki, akamsomesha, na sasa ndiye anayempigia chapa ripoti zote ofisini. Watu humwita Karani.

"Muhuri ni wangu," akasema Mama Tochi. "Kila kinachotoka na muhuri ule ni changu. Nitakuja Jumatatu, Mwalimu, tujue la kufanya."

Mwalimu akasema kwamba katika maisha yake aliwahi kukosea kusahihisha, mara nyingi tu, lakini hakuwahi kutia saini asichokisoma. Alisema taratibu, bila kufoka, na heri angefoka.

Mkunga alikuwa ameshashuka. Alisimama upande wa pili wa gari, mkoba begani, uso umefungwa. Mama Tochi alipomgeukia ili amweleze, alikuta mgongo. Mkunga alivuka ua, akafungua lango, akasimamisha pikipiki ya kukodi, akapanda. Hakuaga.

Mama Tochi alimwacha aende. Alijiambia kwamba hasira hiyo ni haki yake, na kwamba angalau hatauziwa gari bovu leo. Kumbuka alivyojiambia hivyo, msomaji, maana baada ya saa nne tu alitamani angemkimbilia barabarani na goti lake hilo hilo.

Ofisi yake ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri. Alipanda ngazi moja moja. Karani alikuwa mezani, shati limenyooshwa vizuri, anakula mkate kwa chai huku anasoma kitu kwenye kompyuta. Ana miaka arobaini na moja na bado huacha ukoko wa mkate pembeni ya sahani, kama alipokuwa mtoto.

Mama Tochi akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mguu. Akataja tu mtaa wa mwalimu na rangi ya gari. Basi. Karani akasogeza sahani.

Hakukana. Hilo lilimshangaza dada yake kidogo, maana alikuwa amejiandaa kwa uongo na sasa hakuwa na mahali pa kuyaweka maandalizi yake. Karani alisema ilikuwa wiki ya tatu ya goti. Simu zilikuwa zinaita na kila mteja anamtaka Mama Tochi mwenyewe, si mwingine, na akiambiwa anaumwa anakwenda kwingine. Aliogopa dada angepona na kukuta ofisi imekufa. Basi akachukua tochi ya akiba, akaenda mwenyewe.

"Nililikagua, dada," alisema. "Nilizunguka pande zote. Nikafungua boneti, nikawasha, nikaliendesha. Nikaona zuri. Naapa nililiona zuri."

"Ulifunua zulia?"

Karani akakoroga chai yake.

"Mdogo wangu, nakuuliza. Ulifunua zulia?"

"Sikujua kama linafunuliwa."

Mama Tochi akafumba macho. Angekuwa mwizi, angemfukuza. Angekuwa mlevi, angemfokea. Lakini huyu alikuwa mtu aliyetaka kumsaidia, hajui kazi, na akaiga saini ili asimwamshe. Chini, dukani, mtu alikuwa anajaribu honi mpya, anaibonyeza na kuiacha, anaibonyeza na kuiacha.

Akauliza amekagua hivyo magari mangapi. Karani akasema saba. Akauliza nani aliyelileta lile la mwalimu. Na hapo Karani akaanza kulitazama dirisha.

Aliyelileta alikuwa Bwana Tai. Duka lake huuza magari mapya, lakini hupokea na ya zamani kwa watu wanaobadilisha, na yale ya zamani huyauza kimya kimya kupitia uani. Bwana Tai alilijua lile gari kwamba limeshonwa. Alitaka karatasi tu. Alipoona aliyekuja na tochi ni Karani badala ya dada yake, alifurahi kama mtu aliyekuta mlango wa benki haujafungwa.

"Halafu?" Mama Tochi akauliza, kwa sababu Karani alikuwa bado analitazama dirisha, na mtu halitazami dirisha kwa hadithi iliyokwisha.

"Halafu akarudi jana."

Turudi jana kidogo, tusiachane njiani. Ijumaa asubuhi Mama Tochi alikwenda peke yake dukani kwa Bwana Tai kulikagua lile gari jipya, Mkunga akiwa zamu hospitalini. Watu husema gari jipya halikaguliwi. Yeye hulikagua kuliko la zamani, maana la zamani lina makovu ya kusimulia na jipya huja limefunga mdomo.

Lilikuwa limeng'aa, linanuka plastiki, na lina kilomita kumi na mbili tu. Alilipenda kwa mengi. Lina kimo cha kutosha kuvuka mtaro, mlango wa nyuma unafunguka hadi juu ya kichwa, mwendeshaji anaona barabara yote bila kunyoosha shingo. Alilitoa kasoro kwa machache: giaboksi yake hunguruma sana kabla ya kukimbia, na taa za ndani ni hafifu kwa mtu anayefanya kazi za kuzalisha. Hayo yangevumilika.

Kisha akaona tairi la mbele kushoto. Lilikuwa jipya kama mengine, lakini tarehe yake ya kutengenezwa ilikuwa tofauti na yale matatu. Nani hubadilisha tairi la gari lisilotoka dukani? Akalala chini, akamulika. Ubavu ulikuwa umepakwa rangi upya, na bolijointi, kile kifundo kinacholishika gurudumu lisichomoke, kilikuwa na ufa. Gari lilidondoka siku lilipokuwa linashushwa kwenye lori. Walibadilisha kinachoonekana.

Bwana Tai alicheka, akasema ni kitu kidogo, fundi wao atakiweka sawa. Mama Tochi hakubishana. Aliandika kwa mkono wake: "Lisitembee hata mita moja mpaka kifundo kibadilishwe na gari likaguliwe upya." Akampa Karani apige chapa, amtumie Mkunga kwa simu. Akaenda nyumbani kukanda goti.

Asubuhi ya leo, Mkunga alipomchukua kwenda kwa mwalimu, Mama Tochi alidhani ni kwa sababu ameisoma ripoti na ameachana na lile jipya.

"Ulimtumia nini?" akauliza sasa.

Karani akaigeuza kompyuta imwelekee dada yake.

Ilikuwa ripoti ya kurasa mbili, safi, herufi zimepangika. Kimo, kizuri. Nafasi, nzuri. Matairi, mapya. Sehemu za chini, safi. Linafaa. Saini yenye mkia wa panya.

Karani alisimulia haraka, kama anayekimbia mvua. Bwana Tai alikuja jana jioni na nakala ya ile karatasi ya mwalimu. Alisema ama hii ya leo inyooke, ama ile ya zamani inakwenda polisi, na atakayefungwa ni mwenye muhuri. Si Karani. Dada yake. Na aliahidi kwamba kifundo kitabadilishwa kabla gari halijatoka, kwa hiyo hakuna atakayeumia.

"Na ukamwamini."

"Nilitaka kumwamini." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Watu hawaji hapa kutafuta ukweli, dada. Wanakuja kutafuta karatasi. Ukweli unawaambia wewe, kisha wanachukia, wanakwenda kulinunua lilelile. Nimeona kwa miaka kumi. Sijui wewe huchoki vipi."

Mama Tochi alitaka kumwambia kwamba amechoka. Kwamba amechoka tangu kabla ya goti, na kwamba asubuhi nyingine hukaa kitandani akihesabu magari ya siku hiyo na kutamani yote yawe yameuzwa usiku. Alitaka kumwambia hivyo na hakuwahi kupata nafasi nzuri kama hii. Badala yake akachukua simu.

Akampigia Mkunga. Haikupokelewa.

Akapiga dukani. Bwana Tai mwenyewe akapokea, sauti laini, akauliza afya ya goti. Mama Tochi akamwambia lile gari lisiguswe. Bwana Tai akasikitika kweli kweli. Alisema mteja alifika saa tano na nusu akiwa na hasira za gari fulani la mitumba, akasema hataki tena mambo ya kuungwaungwa, anataka jipya. Makaratasi yalikuwa tayari tangu jana. Ameondoka nalo saa nane kasoro.

Mama Tochi akauliza kama kifundo kilibadilishwa.

"Fundi wetu hafanyi kazi Jumamosi," akasema Bwana Tai. "Nilimwambia mteja apitie wiki ijayo kwa huduma ya kwanza."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Akapiga tena kwa Mkunga. Ikaita, ikakata. Akapiga. Karani alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono haijui pa kwenda. Mara ya nne ikapokelewa, na sauti ya Mkunga ikaja pamoja na mngurumo wa barabara.

Mama Tochi hakusalimia. Alimwambia apunguze mwendo, aweke gari pembeni, gurudumu la mbele kushoto linaweza kuchomoka.

Nyuma ya mngurumo, mwanamke mwingine akatoa sauti ndefu, ya chini, iliyotoka mbali tumboni. Mama Tochi amezaa mara mbili. Hakuhitaji kuelezwa.

"Unamsikia?" Mkunga akauliza. "Nimepigiwa simu hata sijafika nyumbani. Uchungu ulianza alfajiri na hauendi vizuri. Namkimbiza hospitali. Ripoti yako ninayo, imeandikwa safi."

"Ile si yangu."

"Asubuhi ulisema kila chenye muhuri ule ni chako. Ulisema mbele ya watu."

Ni kweli, Mama Tochi alikuwa amesema hivyo. Aliyasema ili kumfunika mdogo wake, na sasa yamesimama barabarani mbele ya mtoto wa mtu.

"Kwa hiyo nikuamini lipi?" Mkunga akaendelea. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa amechoka naye, kama wote katika hadithi hii. "La karatasi ya mwalimu, la karatasi yangu, au hili la simu? Kwa sababu nikisimama hapa hakuna kitu. Hakuna nyumba, hakuna mtu. Nikiendelea, dakika kumi na tano nimefika."

"Usiniamini mimi," akasema Mama Tochi. "Liulize gari. Legeza mikono kidogo kwenye usukani. Linavuta wapi?"

Mngurumo. Pumzi za yule mwanamke.

"Kushoto," akasema Mkunga.

"Ukipita kwenye shimo, unasikia nini mbele?"

Alingoja. Ilikuwa lazima wapite kwenye shimo, na barabara ile haikosi. Akalisikia yeye mwenyewe kupitia simu, kabla Mkunga hajajibu: kitu kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole.

"Linagonga," Mkunga akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ndilo hilo. Usipige breki ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, liache lipungue lenyewe, usikate kona. Simama."

Akasikia kiashiria kikianza kugonga, ti, ti, ti. Akasikia matairi yakiingia kwenye kokoto. Kisha mlio mmoja mkavu, mfupi, kama kijiti kinene kinavunjwa gotini, na gari likakita chini upande mmoja.

"Mkunga?"

Pumzi tu.

"Mwanangu, niitikie."

"Tupo." Alikuwa anahema. "Limeinama upande mmoja. Gurudumu limekwenda upande wake. Tulikuwa karibu tumesimama kabisa. Tupo, hatujaumia."

Karani akakaa chini pale pale alipokuwa, sakafuni, akauficha uso. Mama Tochi akaweka kiganja mezani. Kwa nusu dakika alihisi kitu alichokuwa amekisahau, kwamba kazi hii ina maana yake, kwamba neno lake moja la kweli limewafikia watu wawili na nusu likawakuta wazima.

Nusu dakika tu. Akasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, Mkunga akimwambia yule mama alale hivi, apumue hivi, asisukume, bado, asisukume. Kisha sauti ikarudi kwenye simu, na hasira yote ilikuwa imetoka ndani yake. Ilikuwa sauti ya kazi.

"Mama Tochi, sikiliza vizuri. Mtoto ametanguliza mguu. Nauona. Hapa peke yangu sitaweza, anahitaji kupasuliwa, na hospitali iko kilomita tisa. Gari la wagonjwa limeshatoka, na hakuna gari linalopita njia hii mchana huu. Umenisimamisha, na ulikuwa sahihi kunisimamisha. Sasa nitafutie gari."

Mama Tochi akainuka, akaenda dirishani na simu sikioni. Akatazama barabara kulia, akatazama kushoto. Wateja wa Jumamosi walikuwa wameshaondoka, na duka la chini lilikuwa linashusha mlango wa chuma.

Mwanamke aliyeyakagua magari ya mji mzima kwa miaka thelathini hakuwa nalo hata moja la kwake.